Kabla ya Kengele Kulia: Kuandaa Majengo ya Shule kwa Ufunguzi wa Januari 4

Shule zote nchini zilitarajiwa kufunguliwa kikamilifu Jumatatu, Januari 4, 2021. Kwa watoto wengi wa Mugutha na maeneo mengine ya kati ya Ruiru na Thika, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingia darasani tangu katikati ya Machi 2020, Serikali ilipofunga shule siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini. Ilikuwa zaidi ya miezi tisa.

Wazazi wengi walikuwa wameanza kununua barakoa, na shule nyingi zilikuwa zimetafuta vipimajoto vya langoni. Vitu hivyo vina kazi yake. Hata hivyo, usalama wa mtoto atakayekaa ndani kwa saa saba au nane kila siku unategemea zaidi jengo lenyewe: kama lina maji, kama linapitisha hewa, na kama lina nafasi. Makala haya yanaeleza kinachohitaji kukaguliwa na kurekebishwa kabla ya siku hiyo, na anayefaa kuulizwa iwapo hakijafanyika.

Januari haikuwa kama Oktoba

Tarehe 12 Oktoba 2020, shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 pekee. Madarasa ya wengine yalikuwa matupu, hivyo walimu waliweza kugawa kundi moja katika vyumba viwili au vitatu. Shule nyingi ziliona kwamba kanuni za umbali zinawezekana.

Nafasi hiyo ilitarajiwa kutoweka Januari 2021. Walitarajiwa kurejea watoto wa chekechea wa PP1 na PP2, Gredi ya 1 hadi ya 3, darasa la 5 hadi la 7, na kidato cha 1 hadi cha 3, huku waliotangulia wakiendelea na masomo yao. Ruiru ina uzito wa kipekee katika jambo hili. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, mji huo ulikuwa na wakazi 490,120, idadi iliyoupita hata mji wa Kisumu. Nyumba za kupangisha zimeongezeka kwa kasi kuliko madarasa. Shule iliyofaulu Oktoba haikuwa na budi kuhesabu upya nafasi na vifaa vyake.

Nani anawajibika kwa jengo lipi

Katiba ya 2010 iliigawa kazi ya elimu. Chekechea na vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa kupitia Wizara ya Elimu. Mara nyingi darasa la chekechea limo ndani ya ua wa shule ya msingi, na hapo ndipo wazazi huchanganyikiwa.

Katika shule za umma za msingi na za upili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa Bodi ya Usimamizi jukumu la kuhakikisha kuna majengo na vifaa vinavyofaa na vya kutosha. Katika shule za kibinafsi, mwenye shule ndiye anayewajibika, hata kama jengo ni la kukodi. Maafisa wa afya ya umma, ambao ni watumishi wa kaunti, hukagua usafi, maji na vyoo katika shule za aina zote. Kwa hiyo mkazi asiyejua aanzie wapi anaweza kuanzia kwa mwalimu mkuu, na asiporidhika, aende kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lake.

Jengo lililokaa bila watu

Jengo lililofungwa kwa muda mrefu huharibika kimyakimya. Mvua za Oktoba hadi Desemba hupenya kwenye mabati yenye kutu na kulowesha kenchi. Nyuki na nyigu hujenga darini. Panya hutafuna nyaya za umeme. Nyasi huota hadi mlangoni na kuwa maficho ya nyoka. Mifereji na koki huibwa.

Katika nyanda za Ruiru na Juja kuna jambo la ziada. Sehemu kubwa ina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukuta uliokuwa na ufa mwembamba mwezi Machi huenda sasa una ufa mpana, na kuta za choo cha shimo huenda zimelegea. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au unaopitisha mwanga, usizibwe kwa simiti na kupakwa rangi. Chumba hicho kifungwe hadi mhandisi au afisa wa ujenzi akione. Wakazi bado wanakumbuka Septemba 2019, wakati madarasa ya shule moja mtaani Ngando, Nairobi, yalipoporomoka na kuua watoto waliokuwa wameanza tu masomo ya asubuhi.

Baadhi ya majengo pia yalipata matumizi mengine. Kuna shule zilizotumiwa kama vituo vya karantini. Katika Kaunti ya Kirinyaga, mwenye shule moja ya kibinafsi aligeuza madarasa kuwa nyumba za kuku ili apate riziki. Chumba kilichofugiwa kuku, au kilicholalwa na popo, kisifagiliwe kikavu, kwa kuwa vumbi la kinyesi huingia mapafuni. Kinyunyiziwe maji kwanza, uchafu ukwanguliwe ukiwa umelowa, kisha sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni.

Maji: hesabu ifanywe mapema

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza lita 5 za maji kwa kila mwanafunzi wa kutwa kwa siku, na lita 20 kwa wa bweni. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400 inahitaji basi lita 2,000 kila siku. Tangi la lita 10,000 litamalizika kwa siku 5. Katika mitaa ambayo maji ya mfereji huja kwa zamu, shule inapaswa kujua mapema itafanya nini siku ya 6. Paa la bati lenye gata nzima ni chanzo kizuri, ila gata hizo zinahitaji kuzibuliwa kabla ya majani na uchafu wa miezi tisa kuingia tangini.

Tangi lililokaa na maji yaleyale tangu Machi limwagwe lote, lisuguliwe ndani, lisuuzwe na kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo atakachotoa afisa wa afya ya umma. Baada ya hapo mifereji yote ifunguliwe, ile ya mwisho wa bomba pia, hadi maji yatoke safi na bila harufu. Maji ya bomba lililolala yasinywewe kabla ya hatua hiyo.

Sehemu za kunawia nazo zinahitaji hesabu. Mtoto anayenawa sawasawa kwa sabuni kwa sekunde 20, pamoja na kulowesha mikono na kuisuuza, hutumia kama sekunde 40. Wanafunzi 400 wakipanga foleni kwenye mfereji mmoja, wa mwisho atamaliza baada ya zaidi ya saa 4. Wakiwa na mifereji 10, wote watamaliza kwa chini ya nusu saa. Shule yenye mfereji mmoja langoni ina mahali pa kunawa, lakini haina unawaji mikono. Watoto wataruka foleni, na walimu watawaacha kwa sababu kengele imelia.

Si lazima mifereji hiyo iwe ya gharama. Bomba refu lililotobolewa na kutiwa koki kadhaa linatosha. Ndoo zenye koki pia zinatosha, au mtungi unaoinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwenye chupa ya maji hudumu kuliko mche unaotelezea matopeni. Mahali pa kunawia pawe karibu na choo, karibu na madarasa na langoni. Kwa watoto wa chekechea pawe chini kiasi cha mkono wao kufika. Maji machafu yapitie kwenye mtaro hadi shimo lenye kokoto, ili pasiwe na kidimbwi cha mbu.

Hewa: madirisha yafunguke

Virusi vya korona huenea zaidi pale watu wengi wanapokaa muda mrefu ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kwa sababu hiyo, dirisha linalofunguka ni kinga inayofanya kazi kutwa nzima bila kuongezewa chochote.

Fundi apite darasa kwa darasa na kujaribu kila dirisha. Bawaba zenye kutu zitiwe mafuta. Madirisha yaliyopigwa misumari yafunguliwe. Kadibodi zilizowekwa mahali pa vioo vilivyovunjika ziondolewe, na panapohitajika pawekwe wavu. Hewa hupita vizuri zaidi pakiwa na nafasi wazi pande mbili zinazokabiliana. Darasa lenye madirisha upande mmoja tu linaweza kusaidiwa kwa kuacha mlango wazi wakati wote wa somo, au kwa kutoboa matundu ya hewa juu ya ukuta wa pili karibu na paa. Kazi hiyo ya pili ifanywe na fundi anayeijua, ili ukuta usidhoofike.

Vyumba vya mabati vilivyogawanywa kwa mbao vina tatizo la aina yake. Mbao zikifika hadi juu, chumba cha katikati hakipati hewa yoyote. Hicho kisitumiwe kama darasa. Kwa bahati nzuri, Januari ni mwezi wa jua katika Kaunti ya Kiambu, na kuacha madirisha wazi hakutawatesa watoto kama ambavyo kungewatesa Julai.

Kufundishia nje si jambo geni. Mwaka 1908, mji wa Providence nchini Marekani ulifungua shule yenye madirisha wazi kabisa, hata wakati wa baridi kali, kwa sababu ya ugonjwa wa kifua kikuu. Somo chini ya mti katika uwanja wa Mugutha lina faida ileile, na halihitaji blanketi.

Nafasi: darasa moja linachukua wangapi

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa mita 6, na kulipa kikomo cha wanafunzi 30 kwenye madawati ya mtu mmoja, au 40 kwenye madawati ya watu wawili. Hicho ni kikomo cha siku za kawaida.

Ikiwa kila mtoto atawekwa mita 1 kutoka kwa mwenzake, naye na dawati lake wanachukua kama nusu mita, kila kiti kinahitaji mraba wa mita 1.5. Darasa hilo linatoa safu 5 za viti 4, yaani viti 20. Safu moja ikiachwa kwa ajili ya mwalimu na ubao, vinabaki 16. Darasa lililokuwa na watoto 50 mwezi Machi lingehitaji vyumba vitatu na bado wawili wakose kiti.

Shule nyingi za umma hazikuwa na vyumba hivyo, na Wizara ya Elimu yenyewe ilikiri kwamba umbali ndio uliokuwa changamoto kubwa zaidi. Jambo la busara si kujifanya kwamba nafasi ipo. Ni kufanya yanayowezekana:

- Kutoa darasani kabati, madawati mabovu na vitabu vya zamani vinavyokula nafasi.
- Kutumia ukumbi wa chakula, maktaba na ukumbi wa kanisa au msikiti ulio jirani, kwa makubaliano ya maandishi.
- Kuelekeza madawati yote upande mmoja, ili watoto wasitazamane.
- Kumpa kila mtoto kiti chake na kutokibadilisha, ili akiugua ijulikane alikaa karibu na nani.
- Kupishanisha saa za mapumziko, chakula na kwenda nyumbani, ili madarasa yasichanganyike.

Pale umbali unapopungua, madirisha na barakoa vinabeba mzigo zaidi. Darasa lililojaa ndilo la kwanza kupewa chumba chenye hewa nzuri. Kuhusu madawati, mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 23, 2020 ulijumuisha madawati 250,000 ya kutengenezwa na mafundi wa humu nchini. Bodi za shule zilikuwa na haki ya kuuliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu mgao wao. Huku zikisubiri, dawati lililovunjika mguu linaweza kutengenezwa na fundi wa jua kali.

Vyoo

Mwongozo huohuo wa 2008 unaeleza idadi ya vyoo. Wanafunzi 30 wa kwanza wapate matundu 4, 270 wanaofuata wapate tundu 1 kwa kila 30, na wanaozidi hapo tundu 1 kwa kila 50. Kwa shule ya wanafunzi 400 hiyo ni 4, kisha 9, kisha 2, jumla matundu 15. Choo cha shimo kiwe na kina kisichopungua mita 6 na kiwe mbali na madarasa kwa angalau mita 15.

Kabla ya Januari 4, shimo lililojaa linyonywe au lifungwe na kuchimbwa jingine. Sakafu ijaribiwe na mtu mzima kabla ya mtoto kuikanyaga, hasa pale udongo mweusi ulipohama. Kila mlango uwe na komeo la ndani. Vyoo vya wasichana viwe na pipa lenye kifuniko. Msichana asiye na mahali pa faragha hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi.

Kusafisha, si kufukiza

Mwaka 2020 zilizuka huduma za kupuliza dawa madarasani, na vibanda vya kunyunyizia watu dawa vilionekana katika baadhi ya maeneo ya umma. WHO imeshauri kwamba watu wasinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote ile, na haipendekezi kupuliza dawa vyumbani kama njia ya kawaida ya kuua virusi vya korona. Dawa iliyopulizwa haifiki pembeni wala chini ya uchafu, na inaweza kudhuru macho na kifua.

Njia inayofaa ni ya kawaida. Meza, vitasa vya milango, mifereji na vyuma vya ngazi vioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa uchafu huipunguzia klorini nguvu. Kisha vipanguswe kwa maji ya klorini. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 hupunguzwa hadi asilimia 0.1 kwa kutia takribani mililita 570 ndani ya ndoo na kujaza maji hadi lita 20. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, mahali penye hewa, na mtu aliyevaa glavu. Usichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mvuke wake ni sumu. Watoto wasipewe kazi hii.

Fedha ambazo shule ingemlipa mpuliza dawa zinaweza kununua koki, sabuni na bawaba za madirisha.

Kinga moja isizalishe hatari nyingine

Ili kupima joto la kila anayeingia, shule nyingi zilibakisha lango moja na kufunga mengine kwa kufuli. Lango moja la kuingilia asubuhi ni sawa. Kufuli kwenye lango la pili mchana kutwa si sawa. Mwongozo wa usalama unataka milango ya madarasa ifunguke kuelekea nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma vinavyozuia mtu kutoka.

Februari 3, 2020, wiki chache tu kabla ya shule kufungwa, zaidi ya wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa katika msongamano kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Shule za ghorofa, ambazo ni nyingi Ruiru na Thika, zitoe watoto darasa moja baada ya jingine, mwalimu akiwa ngazini. Alama za kupanda upande huu na kushuka upande ule zinasaidia katika korona na katika dharura yoyote. Ndoo za maji na madawati mabovu yasiwekwe kwenye ngazi wala kwenye njia ya kutokea.

Chumba cha mtoto anayeugua

Kila shule itenge chumba kidogo chenye dirisha, karibu na lango na mbali na jikoni, kwa mtoto atakayepata homa au kikohozi akisubiri mzazi. Stoo ya jembe na ndoo haifai. Chumba kiwe na kiti, maji, barakoa za ziada na orodha ya nambari za simu za wazazi zilizohakikiwa upya, kwa kuwa familia nyingi zilihama baada ya Machi 2020. Ushauri wa Wizara ya Afya unapatikana kwa kupiga 719 bila malipo. Watoto wengine wafundishwe kwamba kupelekwa chumba hicho si adhabu wala aibu.

Maswali ya mzazi kabla ya Januari 4

Mzazi hahitaji kuwa mhandisi ili ajue kama shule iko tayari. Anaweza kufika wiki moja kabla na kuuliza haya:

1. Maji yanatoka sasa hivi? Tangi lilisafishwa lini?
2. Kuna mifereji mingapi ya kunawia, na sabuni iko wapi?
3. Madirisha yote ya darasa la mtoto yanafunguka?
4. Watoto wangapi watakaa katika chumba hicho?
5. Vyoo vinavyofanya kazi ni vingapi, na je, milango inafungwa kwa ndani?
6. Lango la pili linafunguliwa na nani wakati wa dharura, na ufunguo uko wapi?
7. Mtoto akipata homa saa nne asubuhi, atakaa wapi?

Shule iliyo na majibu itafurahi kuulizwa. Isiyo na majibu bado ina muda, na mara nyingi wazazi wenyewe ndio mafundi, waashi, mafundi bomba na washonaji inaowahitaji. Siku moja ya kazi ya pamoja inaweza kukata nyasi, kuzibua gata na kufungua madirisha yaliyokwama. Ni bora ifanyike watoto wakiwa bado nyumbani.